Mama Mkwe, Mbwa na Ukurasa wa Mwisho

Rosalie Heavy Shield alikuwa na dharau, na hakuificha. Watu wengine hudharau kimoyomoyo. Yeye alidharau kwa sauti, tena kwenye kipaza sauti, maana kazi yake ilikuwa kutaja namba za mchezo wa bingo katika ukumbi wa Mto wa Mawe, kusini mwa Alberta, Kanada, na siku za bingo kipaza sauti kile kilikuwa kama chake. Serikali inapaita Mto wa Mawe hifadhi, kana kwamba wanaoishi pale ni swala. Wenyewe, watu wa Blackfoot, wenyeji wa asili wa nchi ile, wanapaita nyumbani.

Alichokidharau kuliko vyote ni vitabu vya mapenzi. Si vyote, maana vya kawaida alivisoma tangu usichana na kuvilia machozi kama kila mtu. Alividharau vile vilivyowahusu watu wake, ambavyo kule Kalgari vilikuwa na rafu yao peke yao dukani. Kila alipokwenda mjini alinunua kimoja, na wakati wa mapumziko ya bingo, kina mama wakinywa chai na kutafuna mkate wa kukaanga, aliwasomea.

"Sikilizeni hii, jamani. 'Alisimama kileleni kifua wazi, theluji ikimdondokea mabegani.'"

"Kifua wazi kwenye theluji?" aliuliza Noreen, binamu yake, mwanamke mnene mwenye sauti ya kukwaruza. "Huyo amefukuzwa na mkewe. Kaacha shati ndani."

"'Macho yake meusi yalibeba huzuni ya mababu zake wote.'"

"Apelekwe zahanati. Hiyo ni presha ya macho, shangazi yangu anayo."

Ukumbi ulivunjika mbavu. Rosalie aligeuza ukurasa kwa kidole kimoja, kama anayeshika nepi.

Hadithi zenyewe zilikuwa moja tu iliyobadilishwa majina. Mwanamke wa mjini anaharibikiwa na gari nyikani. Mwanamume mwenye nywele ndefu anatokea, haongei ila kuhusu tai na upepo, anamponya roho, wanaoana. Kinachomkera Rosalie si kwamba ni uongo, kwani mapenzi ya vitabuni yote ni uongo. Kinachomkera ni kwamba ndani ya vitabu vile hakuna mtu wake hata mmoja anayetania. Watu ambao hutaniana hata makaburini, waandishi wamewashona midomo! Wala hakuna hata mmoja anayemuuliza mwenzake, "Bibi yako nani?" Mto wa Mawe mapenzi huanza na swali hilo, na mengi huishia hapo hapo, kijana akirudi nyumbani kichwa chini baada ya kugundua kwamba mrembo wake ni dada yake kwa upande wa mama.

"Basi andika chako," Noreen alimwambia siku moja. "Unajua kubenua midomo tu. Midomo haichapishwi."

Alisema kwa mzaha, na wenzake wakamalizia na ile "eeeei" yao ndefu. Lakini Rosalie alirudi nyumbani neno limemkaa kooni.

Nyumbani kwake hadithi ilikuwa tayari, imekaa mezani inasubiri supu. Tangu Wilton alipomwoa Rosalie, hajawahi kumsemesha mama mkwe wake, Philomene, wala Philomene hajawahi kumsemesha yeye. Hawatazamani usoni. Hawakai chumba kimoja ikiwa chumba kingine kipo. Si ugomvi. Ni heshima, na siku hizi si wengi wanaoishika kwa kiwango hicho. Vijana wengi wa Mto wa Mawe wanapiga soga na wakwe zao kama wako sokoni. Philomene alilelewa na bibi yake, na Wilton naye alilelewa na bibi yake, na hakuna aliyewaambia waache.

Philomene alikaa kwenye trela yake, nyumba ndogo ya magurudumu, upande wa pili wa ua, lakini alikuja kupika kwa binti yake kila siku. Yeye alikaa jikoni, Wilton sebuleni, na kati yao alilala mbwa mkubwa wa rangi ya majivu aliyeitwa Diwani, kwa kuwa alikula kila nyumba na hakufanya kazi yoyote. Kazi moja tu alikuwa nayo.

"Diwani," Philomene alisema bila kugeuka kutoka kwenye sufuria, "mwambie huyo aliyekaa huko supu inapoa."

"Diwani," Wilton alijibu kutoka sebuleni, "mwambie mwenye jiko nimesikia, nashukuru."

Diwani alipiga mkia sakafuni, na ujumbe ukahesabiwa umefika. Wakati mwingine mama alichokoza. "Diwani, mwambie huyo kuni alizopasua jana ni za kuchokonolea meno." Wilton hakuthubutu kujibu mzaha wa mama mkwe. Kesho yake mlangoni pa trela yalikuwa yamepangwa magogo ambayo hata fahali angeyakwepa, na Philomene alicheka hadi akashika mlango.

Kisha ukaja mwaka Philomene alipougua mapafu akalazwa mjini. Wilton alimpeleka Rosalie hospitali kwa pikapu lake jekundu, akabaki nje. Siku zote ambazo mama alilazwa, Wilton alikaa ndani ya pikapu lile kwenye maegesho, injini ikiwashwa na kuzimwa kwa baridi, na hakuingia wodini hata mara moja. Kila asubuhi Philomene aliinuliwa kitandani atazame dirishani. Alitafuta pikapu. Akiliona, alimwambia muuguzi, mwanamke mgeni asiyejua lolote, "Mwambie huyo nje akale kitu." Muuguzi alidhani homa imempanda kichwani. Rosalie, aliyekuwa amekaa pembeni, alilazimika kutoka chumbani ili asilie mbele yao.

Hiyo ndiyo hadithi aliyoiandika. Alimpa msichana wa kitabu jina lingine, na kijana naye jina lingine, lakini kofia ya kijana ilikuwa kofia ya Wilton, yenye alama ya kuungua moto ukingoni. Kijana anampenda binti wa mwanamke ambaye hapaswi kuzungumza naye, na kila kitu kinaharibika kwa njia ya kuchekesha: mahari inapelekwa nyumba siyo, mbwa anakufa katikati ya ujumbe muhimu, wanatafuta mbwa mwingine mwenye adabu. Akakipa kitabu jina *Mwambie Huyo*. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa dirisha na pikapu na yale maneno aliyoambiwa muuguzi, basi.

Kila alipomaliza sura aliwasomea kina mama wa bingo, lakini kwanza aliisoma jikoni. Mama yake alicheka upande huu wa ukuta akipangusa macho kwa aproni. Upande wa pili Wilton alicheka peke yake, kwa kikohozi kile cha mtu anayejitia hamnazo. Vicheko vilikutana juu ya kichwa cha Diwani. Aliposoma ukurasa wa mwisho hakuna aliyecheka. Philomene alichukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na huko sebuleni mlango wa nje ulifunguliwa, na Wilton akasikika akipasua kuni ambazo hakuna aliyemwomba.

Mswada ulipata mchapishaji Toronto. Hapo ndipo dharau ya Rosalie ilipokutana na watu waliostahili, na hapo ndipo ilipomwishia.

Mhariri aliitwa Meredith. Kwenye simu alikuwa na sauti laini, ile ya watu wanaokusikitikia kabla hujasema una tatizo gani.

"Rosalie, mpendwa, nimekipenda. Nimekipenda mno! Kina vitu vidogo tu. Wazee wako wapi?"

"Mama wa msichana ni mzee."

"Namaanisha mzee wa hekima. Anayetoa neno."

"Ana hekima. Ndiyo maana anatoa maneno yake kwa mbwa."

Meredith alicheka kidogo, kwa adabu, kisha akaendelea pale pale. "Na maumivu? Msomaji wetu akisoma habari zenu anatarajia kuguswa. Kulia kidogo."

"Hiki ni kichekesho cha mapenzi. Msomaji wenu akitaka kulia amenye vitunguu."

Kwa muda Rosalie alipigana vizuri, na kila Alhamisi aliwasimulia kina mama wa bingo. Walitaka mbwa mwitu badala ya Diwani, alikataa. Walitaka msichana awe amelelewa mjini na sasa anarudi kutafuta asili yake. Akawaambia msichana huyo hajapotea, yuko jikoni anakaanga mkate. Walichora jalada lenye mwanamume kifua wazi. Akawaandikia kwamba hata ng'ombe wa Alberta huvaa manyoya. Jina la kitabu lilimshinda. Wakaliondoa *Mwambie Huyo* wakaweka *Upepo Unakumbuka*.

"Unakumbuka nini?" aliuliza Noreen.

"Hawajui. Nimewauliza. Wanasema ni hisia."

"Upepo wa hapa unakumbuka kubomoa choo changu tu. Umwambie huyo mama."

Kisha Meredith akafika kwenye ukurasa wa mwisho.

"Tatizo ni hili, mpendwa. Hawazungumzi. Kitabu kizima tunasubiri wazungumze, halafu kinaisha na gari limeegeshwa. Msomaji atadhani wanachukiana."

"Msomaji ambaye amefika pale bado anadhani wanachukiana, arudie mwanzo."

"Ninachohitaji ni ukuta uanguke. Kijana aingie wodini. Amwite Mama. Wakumbatiane."

Rosalie alisimama jikoni, simu sikioni, asijue acheke au atukane. Ilikuwa kama kuambiwa kijana aingie wodini avue suruali. Kwa kutaka kumfahamisha, akafanya kosa: akamweleza habari zake mwenyewe. Akamwambia juu ya mumewe na mama yake, miaka yao yote, mbwa, pikapu jekundu. Alidhani ukweli utamnyamazisha yule mwanamke. Upande wa pili wa simu palisikika pumzi ya mtu aliyeona almasi.

"Oh, Rosalie. Kumbe wapo kweli! Maskini. Miaka yote hiyo, hawajawahi kukumbatiana?"

"Hujanielewa."

"Nimekuelewa kabisa. Tulimpa mswada mshauri wetu wa masuala ya watu wa asili, na yeye anakubali. Anasema kumbatio ni uponyaji."

"Mshauri wenu anatoka wapi?"

"Pwani ya magharibi, kisiwani. Ni mtu mzuri sana."

"Kisiwani! Huko wanavua samaki. Atajua nini cha mama mkwe wangu? Umemuuliza mtu wa samaki habari zetu sisi watu wa nyati."

"Fikiria tu," Meredith alisema, na ile sauti laini ikapata mfupa ndani. "Bila mwisho huo sidhani kama naweza kukitetea ofisini. Ingekuwa huzuni kukiacha baada ya kufika hapa."

Rosalie alisalimu amri. Hakuna namna ya kulisema kwa upole. Mwanamke aliyewacheka waandishi wa takataka kwa miaka, alitaka kuliona jina lake kwenye rafu ile ile ya Kalgari, na alipoambiwa bei aliilipa. Alijua vizuri anachouza. Aliandika kumbatio lile asubuhi moja, kwenye meza ya chakula, mgongo umeelekea jikoni, na kwa mara ya kwanza hakusoma kwa sauti.

"Leo mbona hakuna kicheko?" Wilton aliuliza kutoka sebuleni.

"Nasahihisha tu."

"Diwani," alisema mama jikoni, "mwambie huyo mwandishi asisahihishe mpaka ikaharibika."

Akajiambia ni hadithi tu. Akajiambia mama haoni vizuri maandishi madogo, na Wilton hana subira ya kufika ukurasa wa mwisho wa kitu chochote. Hivyo ndivyo watu hujidanganya, kwa mambo madogo madogo yenye ukweli ndani yake.

Kitabu kilipotoka, Meredith alisema lazima aje mwenyewe. Uzinduzi ukafanyika mchana, ukumbi wa bingo, na watu walijaa kuliko siku za zawadi kubwa. Kulikuwa na nyama kavu, supu ya matunda ya porini, mikate ya kukaanga mpaka meza zikalegea. Philomene alikaa mbele kulia, kati ya wazee wenzake, amevaa shali yake nzuri ya bluu yenye matamvua marefu. Wilton alisimama nyuma kushoto karibu na birika la chai, kofia imeshuka machoni. Ukumbi ulikuwa mkubwa, ukawatosha wote wawili bila shida.

Meredith alikuwa mwembamba, amevaa hereni za shanga alizonunua uwanja wa ndege. Alikuja na mpiga picha. Rosalie alisoma sura ya mahari, na ukumbi ukalia kwa kicheko. Mzee mmoja alitoa meno yake ya bandia akayaweka mezani ili acheke vizuri. Kama angeishia hapo, mpaka leo Mto wa Mawe wangekuwa wanamsifu.

Meredith akamwomba kipaza sauti. Akakishika kwa mikono miwili.

"Mimi nataka niwasomee ukurasa unaonigusa kuliko yote," alisema, na kabla Rosalie hajanyanyuka kitini akawa ameshafungua mwisho. "'Aliingia wodini, na ukuta wa miaka yote ukaanguka. "Mama," alimwita, na neno hilo lilikuwa tamu kuliko asali. Akamkumbatia mama mkwe wake, na machozi yao yakachanganyika.'"

Vijiko vilisimama. Rosalie alitazama sakafu.

"Na kitu kizuri zaidi," Meredith aliendelea, macho yameloa, "wenyewe tuko nao hapa! Mama yake Rosalie, na mumewe! Njooni mbele, tafadhali. Sogeeni. Tupate picha ya kumbukumbu."

Hakuna aliyesogea. Basi yule mpiga picha, kijana mwenye adabu zake zote, alimshika Philomene kiwiko akamwinua, kama mtu anayemsaidia bibi kuvuka barabara, akamwongoza kuelekea kwenye birika. Philomene alidhani anapelekwa jukwaani kwa binti yake. Alipoinua macho, Wilton alikuwa mbele yake, hatua chache, amebanwa kati ya meza ya chai na ukuta, hana pa kupita.

Wilton aligeuka akaweka uso ukutani, kofia juu ya uso, akasimama hivyo. Philomene alivuta shali ya bluu ikamfunika kichwa chote, mpaka kidevuni. Kisha yule mwanamke mzee akaanza kutafuta mlango kwa kupapasa, viti vikigonga magoti yake, na wazee wenzake wakainuka mmoja mmoja kumwongoza. Katika ukumbi ule watu hucheka hata wakitoka kuzika. Siku hiyo hakuna aliyecheka.

"Ni hisia," Meredith alinong'ona kwenye kipaza sauti, akifuta jicho. "Zimewazidi. Hilo ndilo nilitaka wasomaji walione."

Noreen alimfikia kwanza. Alimnyang'anya kipaza sauti, akakizima, akakiweka mezani kwa taratibu zote. Hakusema na Meredith. Alimpita kama kiti. Alimgeukia Rosalie.

"Miaka yote umekuwa ukitusomea takataka za watu," alisema. "Leo umetuletea za nyumbani."

"Noreen, walinilazimisha."

"Walikushikia bunduki?"

"Wasingekichapisha."

"Wasingekichapisha! Kwani sisi hatukuwa tumeshakisikia? Mimi nilikuwa nimeshacheka, shoga. Nilicheka mpaka nikajikojolea, mwaka mzima, bure. Ulikuwa unamwandikia nani tena?"



Siku zilizofuata nyumba ilinyamaza. Hapo ndipo alipojua kwamba kabla ya hapo haikuwa imenyamaza hata siku moja. Philomene hakuvuka ua. Sufuria ilikaa baridi. Diwani alilala mlangoni kati ya jikoni na sebule akimtazama kila apitaye, hana ujumbe wa kupeleka, na mwisho akahamia kwa jirani. Wilton aliendelea kupasua kuni, akaziweka nje ya trela kama kawaida, na zilibaki pale pale mvua ikizinyeshea. Rosalie alibisha mlango kwa mama yake. Pazia lilisogea, likarudi.

"Mwambie basi mama yako…" Wilton alianza siku moja, akaacha.

"Nimwambie nini? Hanifungulii."

"Mwambie nitampelekea yule farasi dume wa kijivu."

Alijua maana yake. Mkwe akimvunjia heshima mama mkwe wake, hata kwa kugongana naye mlangoni bila kukusudia, humfuta aibu kwa zawadi, na zawadi inayoeleweka ni farasi.

"Wewe hukumsemesha, Wilton. Hukufungua hata kinywa."

"Nimemsemesha. Nimemwita Mama, nikamkumbatia, nikamlilia. Watu wamesoma."

"Yule si wewe. Jina ni lingine."

"Kofia ni yangu," alisema Wilton. Akaivua, akaitazama ile alama ya moto ukingoni, akaiweka juu ya meza. Tangu siku hiyo alitembea kichwa wazi.

Wakati huo huo Meredith alipiga simu kwa furaha. Wasomaji walikuwa wamelipenda kumbatio kuliko kitabu chenyewe. Ofisini walitaka cha pili.

"Tumewaza," alisema, "je, mama mkwe na mkwe wakifungua mgahawa pamoja? Sasa kwa kuwa ukuta umeanguka!"

"Na kuta za mgahawa nazo zianguke?"

"Samahani?"

"Meredith, uliwahi kuaibika?"

"Naam… kila mtu, nadhani."

"Hapana. Hujawahi. Ungekuwa umewahi, ungemtambua mtu aliyeaibika akiwa amesimama mbele yako na shali kichwani. Wewe uliona picha." Akavuta pumzi. "Na mimi nilikuuzia. Kwa hiyo sikutukani peke yako. Tafuta mtu wa samaki akuandikie mgahawa."

Akakata simu. Alidhani atajisikia vizuri. Hakujisikia vizuri, kwani kumdharau Meredith ilikuwa rahisi mno, na dharau rahisi alikuwa amekula shibe yake.

Alikuwa na farasi jike mmoja wa rangi ya hudhurungi, Kipepeo, aliyemlea tangu mtoto na kushinda naye mashindano mengi ya mbio za kuzunguka mapipa kabla hawajanenepa, yeye na farasi wote wawili. Vikombe vyao vilikuwa juu ya friji. Kabla ya kitabu, Kipepeo ndiye kitu pekee ambacho Rosalie alijivunia bila kumtania mtu. Alimsugua asubuhi nzima. Akamsuka mkia. Wilton alitoka akasimama mlangoni.

"Nilisema nitatoa wa kijivu."

"Aliyemsemesha mama si wewe. Ni mimi," alisema Rosalie. "Nilitumia kofia yako tu."

Alimvusha Kipepeo uani mchana kweupe, mbele ya majirani, na Noreen aliyekuwa ameegesha gari barabarani akazima injini ili atazame vizuri. Alimfunga kwenye nguzo ya uzio wa trela. Hakubisha mlango. Alisimama pembeni, mikono imening'inia, upepo ukimwingia shingoni. Diwani, aliyenusa kwamba kuna jambo, akaja kutoka kwa jirani akaketi katikati.

Alisubiri. Mwishowe Philomene akatoka, shali mabegani, kichwa wazi. Alimzunguka farasi, akampapasa shingo, akainua kwato moja moja akazitazama. Hakumtazama binti yake hata kidogo. Akaketi kwenye ngazi ya trela.

"Diwani," alisema.

Mbwa alipiga mkia.

"Mwambie huyo aliyeleta farasi kwamba farasi ni mnene. Kama mwenyewe."

Noreen alicheka kule barabarani, akaziba mdomo. Rosalie alifungua kinywa amjibu mama yake, kama alivyomjibu maisha yake yote, na Philomene akageuza uso upande wa pili. Rosalie akafunga kinywa. Akaelewa yuko wapi sasa. Alikuwa amesogezwa kwenye kiti cha Wilton.

"Mwambie nimempokea farasi," mama aliendelea, akimtazama mbwa. "Mwambie huyo mwanamume wake avae kofia, atapata mafua. Supu nitapika kesho." Akavuta matamvua ya shali. "Na kitabu, mwambie nilikisoma chote, kwa kile kioo cha kukuzia. Nilicheka. Nilipofika ukurasa wa mwisho nilitazama dirishani nione kama pikapu lipo. Mwambie sikuliona."

Rosalie alichuchumaa kwenye majani makavu, akamshika Diwani shingoni kwa mikono miwili.

"Diwani," alisema, "mwambie nilikuwa nalo. Mwambie nililiona mimi mwenyewe, nikaliondoa."